Bunduki ya babu, 9.3x62: nibaki na kichwa cha risasi cha greni 286 au nishuke?

Mwana wa Magu: Wakuu, nimerithi bunduki ya babu, Mauser ya risasi za 9.3x62, na kibali tayari kina jina langu. Babu alitumia vichwa vya risasi vya uzito wa greni 286, pua laini, maisha yake yote. Binamu yangu wa Afrika Kusini hujaza risasi mwenyewe. Tukienda kuwinda kwake mwezi wa saba anataka anijazie za greni 232, eti zina kasi na bega haliumii. Ila nikipitisha kitambaa mtutuni kinatoka na rangi ya kahawia.

Nyamagana_95: Kasi ndiyo mpango mzima mkuu. Shuka.

Mzee wa Bwiru: Huyo mwache. Kijana, anza na hiyo kahawia. Fataki za zamani, vile viwashio vya kwenye kitako cha risasi, zilikuwa zinaacha chumvi mtutuni, na kwa hewa hii ya ziwa ile chumvi inavuta maji, kutu inaingia upesi. Nilipokuwa mfuata nyayo kule Maswa, bosi wangu alikuwa hali chakula cha jioni kabla hajamimina birika zima la maji ya moto mtutuni, kama anasuuza chupa ya chai. Halafu kitambaa kikavu, halafu mafuta. Sasa sukuma kipande cha madini laini ya risasi kipite mtutu mzima, ukipime kwa maikromita. Hapo ndipo utajua kichwa gani kinakaa.

Kuhusu uzito, baki na 286, gramu 18.5. Otto Bock alipoibuni 9.3x62 Berlin mwaka 1905 aliwafikiria wawindaji na walowezi wa Afrika, na shabaha ya babu yako imepimwa kwa kichwa kizito. Ukiweka chepesi, kwa umbali wa karibu mara nyingi kitapiga chini ya ulipolenga. Na binamu asikujazie kwa kipimo cha bunduki yake! Aanzie kipimo cha chini kabisa cha kitabu, apande kidogokidogo. Komeo la bunduki likianza kuwa gumu kufunguka, mmeshapita; rudini chini.

Mwana wa Magu: Shikamoo mzee wangu. Nimeichunguza tena kwa tochi. Kwenye mbao, nyuma ya komeo pale, kuna ufa mrefu kama njiti ya kiberiti.

Mzee wa Bwiru: Marahaba. Basi habari za greni tuziache kwanza. Chuma kinarudi nyuma kila ukipiga, kinaipasua hiyo mbao kama kabari. Usipige hata moja, mpelekee fundi wa silaha. Na usimruhusu aipake gundi juujuu tu.