Tupeane uzoefu: Mlioko Marekani na Kanada, ni mji gani mdogo wa mlimani, ziwani au baharini uliokutuliza roho?

Mwanzisha mada, Minneapolis

Habari za leo wakuu. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa jambo ambalo wengi wetu tunalipita kila siku: miji midogo ya huku, ile ya watu elfu moja au elfu tano, iliyokaa kando ya ziwa, mlima au bahari. New York na Orlando tuziache leo. Sema ulikwenda wapi, uliona nini kwa macho yako, na nini ungependa ungeambiwa kabla hujaondoka.

Naanza mimi. Nina miaka tisa ya kubeba boksi hapa Minneapolis: usiku nyumba ya wazee, Jumamosi na Jumapili ghala la vifurushi. Miaka saba ya mwanzo sikutoka nje ya mji huu hata mara moja, labda kwenda uwanja wa ndege. Kulikuwa na mzee mmoja wa miaka 91 niliyekuwa namhudumia. Kila nikimgeuza usiku ananihadithia Grand Marais, mji aliokuwa anakwenda kuvua samaki na baba yake. Alipofariki nikaona nina deni. Nikaomba siku tatu mwezi wa 9, nikaondoka na mke wangu na mtoto.

Hadi Duluth ni saa mbili na nusu. Kutoka hapo unashika barabara namba 61, Ziwa Superior liko mkono wa kulia muda wote, kilomita kama 177 mpaka ufike. Sisi tulimaliza siku nzima njiani, maana kila baada ya mwendo mfupi kuna mto unaoshuka ziwani kwa maporomoko. Tulisimama Gooseberry, tukasimama tena Split Rock, pale penye mnara wa taa uliokaa juu ya jabali tangu 1910.

Grand Marais yenyewe ina watu 1,300 hivi, unaimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Kuna ulimi wa mwamba unaoingia majini, wanauita Artist's Point. Nilikaa pale jioni. Mimi ni mzaliwa wa Musoma, wakuu. Ziwa Superior ndilo kubwa kuliko yote ya maji yasiyo na chumvi duniani kwa eneo, kilomita za mraba 82,000 na ushee, na linalolifuata ni Victoria letu, 68,800. Wimbi ni lilelile, linavuta kokoto likirudi na sauti ile ya mchele unaopetwa. Ila halina harufu. Victoria unalinusa kabla hujaliona, dagaa, magugu, moshi wa jikoni. Hili linanuka jiwe tu. Na maji yake ni maangavu mno, mwanangu alikuwa ananihesabia mawe yaliyo chini kwa rangi zake. Nilitumbukiza mguu, nikahesabu hadi kumi, nikautoa. Kina chake kinafika mita 406, na baridi ya huko chini haitoki hata kiangazi.

Nilichojifunza: mwezi wa 9 mbu wameshapungua, majani yanaanza kuwa mekundu, na familia zenye watoto wa shule zimesharudi nyumbani. Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, mtandao unakatika njiani. Na bebeni makoti hata kama mjini mmeacha joto.

Mpagazi wa Zamani, Denver

Mkuu, hilo la mzee limenigusa. Ubarikiwe.

Mimi nilikuwa mpagazi Kilimanjaro miaka sita, njia ya Marangu. Wanaoijua wanajua: siku ya kwanza kambi ya Mandara, siku ya pili kambi ya Horombo, mita 3,720, na mzigo wa kilo 20. Sasa huku kuna mji unaitwa Estes Park, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Denver, uko mita 2,293 na ndio mlango wa hifadhi ya Rocky Mountain. Ndani ya hifadhi kuna barabara ya lami, Trail Ridge Road, inayopanda hadi mita 3,713. Yaani unafika Horombo umekaa kwenye kiti cha gari.

Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu naandika. Mwaka jana nilimpeleka mama wa rafiki yangu aliyekuja kutembea kutoka Dar. Alikuwa ametua juzi yake. Tulipofika juu alishuka garini akasema, "Mwanangu, kichwa kinapasuka." Akatapika kando ya barabara. Nikamtazama midomo, nikamuuliza jina la mjukuu wake, akachelewa kujibu. Mlimani tulifundishwa dawa ya kwanza ni kuteremka. Sikusubiri mtu amalize picha. Tulipofika chini Estes Park akaomba uji, nikashukuru Mungu. Kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyejua. Pole pole tunawaimbia wageni kule kwa sababu mwili unahitaji siku, na gari haliupi mwili siku.

Kwa hiyo mkienda, mgeni alale Denver siku mbili, kisha alale Estes Park usiku mmoja, anywe maji, na juu asikimbie. Barabara hiyo hufungwa kwa theluji, kwa kawaida inapitika kuanzia mwisho wa Mei mpaka Oktoba. Kipindi cha wageni wengi lazima uwe umeweka mtandaoni nafasi ya saa ya kuingia, ukienda bila hiyo unarudishwa getini.

Kule juu hakuna miti. Mimea ina kimo cha ukucha, maua ya bluu madogo kama kichwa cha kiberiti, na ukikanyaga huchukua miaka mingi kuota tena. Nilipiga magoti kuyaangalia. Miaka sita mlimani sikuwahi kuangalia ua, nilikuwa naangalia kisigino cha aliye mbele yangu.

Mwezi wa 9 hadi wa 10 elk wanashuka mpaka mjini, wanyama wa jamii ya kulungu lakini wakubwa kupita kuro. Dume anapowaita majike anatoa mlio mwembamba mrefu kama filimbi. Msiwasogelee, hata kama wamelala kwenye bustani ya maktaba.

Mama Watatu, Columbus

Samahanini ndugu zangu, niulize bila kuficha. Mimi ni mweusi, navaa hijabu, nina watoto watatu na baba yao anaendesha lori, mara nyingi hayupo. Hiyo miji ya watu elfu moja, mtu kama mimi anapokelewaje? Ndicho kinachonizuia, zaidi ya hela.

Bint Wete, Lewiston

Mwanangu Mama Watatu, nikujibu mimi mtu mzima. Navaa baibui, na Bar Harbor nimekwenda mara nne. Watakutazama, sikudanganyi. Mara ya kwanza dukani mtu alinifuata kwa macho toka mlangoni mpaka kwenye chai. Iliniuma. Lakini sikiliza yaliyonikuta upande wa pili.

Bar Harbor uko pwani ya Maine, kwenye kisiwa, pembeni ya hifadhi ya Acadia. Mbele ya mji kuna kisiwa kidogo, Bar Island. Maji yakipwa inatokea njia ya changarawe, watu wanavuka kwa miguu. Una saa moja na nusu kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa na saa moja na nusu baada yake. Zaidi ya hapo njia imeshazama.

Mimi mama yangu alikuwa mchokoa pweza. Nimekulia kwenye mwamba wa Pemba, na maji ya huku yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kama ya kwetu. Basi nimesimama kwenye ile njia, nikaona familia imeegesha gari palepale kwenye changarawe, wao wamekwenda kisiwani. Nikatazama chini. Baina ya mawe kuna vijito vya maji vyembamba kama uzi, na vilikuwa vimegeuza mwelekeo. Maji yameanza kujaa. Nikawafuata mpaka kule, Kiingereza changu cha kubabaisha, nikamwambia yule baba: maji yanarudi, ondoa gari. Akatazama bahari, akaona iko mbali bado. Mkewe akanitazama mimi, akamwambia mumewe twende. Wakakimbia. Gari lilipotoka, matairi ya nyuma yalikuwa yanapiga maji.

Yule mama akarudi akanishika mikono. Akaniuliza nimejuaje. Nikainama nikamwonyesha vile vijito. Tukachutama pale wanawake wawili na watoto wake, tunatazama maji yanavyopanda jiwe kwa jiwe. Baadaye kijana wa dukani naye akaja kuuliza.

Kupanda mlima Cadillac kwa gari, mita 466, kuanzia mwisho wa Mei hadi Oktoba ni lazima ukate nafasi mapema. Mimi nilikwenda Oktoba na wanangu, tukaswali alfajiri juu ya mwamba. Kibla cha huku ni kaskazini-mashariki. Tulipotoa salamu, upande wa kulia upeo ulikuwa umeanza kuwa rangi ya papai. Ni miongoni mwa pahala pa mwanzo Marekani kuliona jua. Nenda, mwanangu. Majira ya joto kuna mabasi ya bure yanayozunguka hifadhini, huna haja ya kuhangaika na gari na watoto watatu.

Na kamba koche wa huku ana magando makubwa, wetu hana. Nyama yake tamu lakini wa kwetu simwachi.

Mtu wa Nyahururu, Calgary

Shikamoo mama wa Lewiston, nimesoma mara mbili.

Yangu ni fupi. Banff, saa moja na nusu kutoka hapa, hifadhi ya kwanza ya Kanada, 1885. Niliamka saa tisa usiku niwahi Ziwa Moraine na gari langu, nikageuzwa barabarani. Tangu 2023 magari binafsi hayaruhusiwi kule, unapanda basi na tiketi unakata siku nyingi mbele. Na muangalie juu mkiwa njiani: kuna madaraja yamepandwa nyasi na miti juu ya barabara kuu, ya dubu na mbwa mwitu kuvukia. Mimi yalinikumbusha ndovu wa Timau na njia yao iliyo chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru.

Baba wa Bukavu, Knoxville

Jambo yenu bandugu. Sisi tulifika huku kama wakimbizi, batoto wako tano. Gatlinburg ni karibu, saa moja. Kuingia hifadhi ya Great Smoky hakulipwi, lakini tangu 2023 ukisimamisha gari zaidi ya dakika 15 unalipa kuegesha, dola 5 kwa siku. Tulifanya kosa moja: tuliacha boksi la nyama juu ya meza tukaenda mtoni. Dubu akaja. Batoto waliona wa kwanza. Tulirudi nyuma taratibu, tukakaa mbali, akakula yote. Mlinzi wa hifadhi alituambia dubu akizoea chakula cha watu, mwisho anauawa. Hiyo ilinikosesha usingizi. Sasa chakula kinabaki ndani ya gari, imefungwa.

Asubuhi ukungu unatoka katika miti pole pole. Mke wangu alisema neno moja tu: Kahuzi, mulima wa kwetu. Tulikaa ndani ya gari muda murefu.

Mpagazi wa Zamani, Denver

Nyongeza kwa wenye watoto: mtoto akiwa darasa la 4 hapa Marekani anapata pasi ya bure ya mwaka wa shule ya hifadhi za taifa, na inaingiza gari zima. Mwaka huo mmoja msiupoteze.

Mama Watatu, Columbus

Wa kati anaingia darasa la 4 mwezi wa 8! Ahsanteni sana. Shangazi wa Lewiston, hizo saa za kupwa unaziangalia wapi? Nataka nipange siku za likizo ya baba yao.

Bint Wete, Lewiston

Ratiba zimebandikwa mjini na mtandaoni zimejaa, mwanangu, chukua hizo. Mimi mwezi kwanza. Ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua, maji yanakauka mbali na yakirudi yanarudi kwa haraka, usikae kisiwani na watoto. Chagua siku za maji mafu, mwezi nusu, mtembee kwa nafasi. Mkifika Maine nyumba yangu ipo njiani, mtalala kwangu kwanza.