Kundi la nyuki limetua karibu na mlango wa duka langu la vitambaa: nifungue Jumamosi?

Mshonaji wa Morogoro

Habari za mchana ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa. Wenzangu mnaoshona mablanketi ya viraka mnafahamu kwamba chumba cha mbele cha nyumba yangu ndicho duka. Nimepokea mzigo mpya wa vitenge vya pamba tupu kutoka Kariakoo, na safari hii nimeamua kuvikata vipande vya nusu yadi, ili anayehitaji rangi nyingi kwa blanketi moja asilazimike kununua doti nzima ya kila rangi. Wateja nimewaalika Jumamosi. Leo adhuhuri, bila dalili yoyote, kundi kubwa la nyuki limetua kwenye tawi la mwembe ulio hatua chache kutoka mlangoni, na baadhi yao wameanza kuzungukazunguka upenyo ulio chini ya bati. Jirani ananishauri nichome tairi chini ya mti au nipulize dawa ya wadudu. Nisingependa kuwaua, lakini nina watoto ndani. Nifanye nini?

Mfugaji nyuki, Sikonge

Marahaba dada. Tafadhali usichome tairi wala usipulize dawa. Nyuki wanapogawanyika, malkia wa zamani huondoka na sehemu ya kundi, na wafanyakazi hujaza asali tumboni kabla ya safari. Kwa kuwa bado hawana masega wala watoto wa kulinda, kwa kawaida huwa watulivu. Hata hivyo nyuki wetu ni wepesi wa kukasirika, na kundi lililohama kwa sababu ya njaa au ukame haliwi na utulivu huo, kwa hiyo usimruhusu mtu kulisogelea. Watoto na mifugo wakae mbali, na jenereta isiwashwe karibu na mti.

Hao walio kwenye bati ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Ni wapelelezi wanaotafuta uwazi wa kuhamia, na wakiliridhia dari lako, kundi zima litafuata, litajenga masega, malkia atataga, na hapo utakuwa na nyuki wenye nyumba ya kulinda, ambao hawatolewi bila kung'oa bati. Giza likishaingia na wapelelezi wakiwa wamerudi mtini, ziba upenyo huo kwa wavu mdogo wa chuma ukiwa upande wa ndani, bila kumulika mwembe kwa tochi. Kisha uliza ofisi ya misitu na nyuki ya wilaya wakuelekeze kwa mfugaji mwenye mavazi na mzinga. Kundi laweza kuondoka lenyewe baada ya saa chache au siku chache, lakini kwa nyumba yenye watoto mimi nisingesubiri bahati.

Akiumwa mtu, akimbilie ndani na kufunga mlango, kisha mwiba ukwanguliwe upesi. Nyuki akiuma hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake. Mwenye kushindwa kupumua au kuvimba uso apelekwe hospitali mara moja.

Fundi wa batiki, Dar es Salaam

Pole sana dada, na hongera kwa mzigo. Naongeza la upande wa vitambaa. Moshi wa tairi ungeingia kwenye vitenge vyote, na harufu hiyo haitoki kwa kufua mara moja. Usianike chochote nje kwa sasa, kwa maana kinyesi cha nyuki huacha madoa ya njano kwenye nguo. Mimi nawaheshimu wadudu hawa kwa sababu nta yao naichanganya na nta ya mishumaa (parafini) ninapochora batiki, na nanyi mnaoshona viraka kwa mkono mkiupitisha uzi kwenye kipande cha nta, hausokoteki ovyo.

Mshonaji wa Morogoro

Nawashukuru sana. Upenyo umezibwa, na mfugaji aliyeelekezwa na ofisi ya wilaya amefika jioni, akalikung'uta kundi ndani ya mzinga aliokuwa ameupaka nta na mchaichai. Anasema ninaweza kuubakiza mzinga uani nikipenda. Mnaonaje?

Mfugaji nyuki, Sikonge

Hapana dada, usiubakize. Mzinga wa nyuki hawa haukai penye watoto na wateja wanaoingia na kutoka. Auchukue usiku huuhuu, akiacha muda wa kutosha walio nje waingie. Kesho wachache waliobaki watazunguka tawini kwa sababu ya harufu ya wenzao, kisha watatawanyika. Wakiisha kabla ya Jumamosi, fungua duka. Wakiwa bado wapo, wapitishe wateja mlango wa nyuma.

Fundi wa batiki, Dar es Salaam

Nami nitaagiza vipande kumi vya rangi ya nili. Tafadhali waambie wateja wavifue kabla ya kukata, kwa kuwa pamba husinyaa ikifuliwa na rangi nzito huchuja kwenye viraka vyeupe.