Paneli ya mapokezi inaona AC 29 kati ya 41: ni waya au adresi?

FundiWaZamu:
Wakuu, habari za usiku. Naombeni msaada kabla meneja hajaniita ofisini.

Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye hoteli moja huku Mbezi Beach. Tuna AC za Daikin VRV, mashine 4 za nje juu ya paa na 41 za ndani. Waliozifunga waliondoka bila kuacha mchoro. Nilichorithi ni funguo na boksi la rimoti. Mapokezi kuna paneli ya ukutani ya kuwasha na kuzima vyumba vyote, na hiyo ndiyo inayonitesa. Inaona 29 tu. Zile 12 zisizoonekana zote ni za ghorofa ya 3, zinatumia mashine ya nje namba 4. Cha ajabu vyumbani zinapoza vizuri, mgeni akibonyeza rimoti ya ukutani inatii.

Halafu kila jioni, kati ya saa 1 na saa 3, vyumba vya ghorofa ya 1 vinapotea kwenye paneli, inaandika UE (kosa la mawasiliano kati ya paneli na mashine za ndani), kisha vinarudi vyenyewe. Asubuhi shwari kabisa. Na tangu nibadilishe bodi ya chumba 207 wiki iliyopita inatokea UC.

Paneli nimejaribu nyingine ya kuazima, mambo yale yale. Waya wa mawasiliano uliopo ni wa nyuzi 2, hauna shildi (ganda la metali la kuzuia mwingiliano wa umeme). Nianzie wapi?

KebobKavu:
Umeshajijibu mwenyewe, mkuu. Hauna shildi. Ng'oa wote, vuta wenye shildi, funga ethi pande zote mbili, ulale usingizi.

MzeeWaPaa:
Kijana, using'oe kitu. Ushauri wa hapo juu utakugharimu dari zima.

Shildi inategemea ni mtambo wa nani. Mitsubishi Electric wanataka waya wa shildi, na ethi yake ina utaratibu, si kila unapoona skrubu. LG wanatumia RS-485, aina ya mawasiliano ya nyuzi mbili, A na B, pale ukizigeuza hakuna mazungumzo. Daikin yako terminali za mawasiliano, F1 na F2, hazina chanya wala hasi, na waya wa kawaida wa nyuzi 2 wenye ganda, milimita za mraba 0.75 hadi 1.25, unatosha. Usitumie wa nyuzi 3 eti umebaki stoo.

Sasa matatizo yako ni matatu, usiyachanganye. Zile 12 zinapoza, hazionyeshi U4 (kosa la mawasiliano kati ya mashine ya ndani na ya nje), maana yake waya kati ya ndani na nje ni mzima. Kilichokatika ni waya unaounganisha mashine ya nje na mashine ya nje mwenzake. Fungua namba 4, utaona terminali za F1 F2 seti mbili: moja ya kwenda ndani, nyingine ya kwenda mashine za nje. Fuata hiyo ya pili. Q1 Q2 usiziguse, hizo ni za mashine za nje zinazochangia mfumo mmoja wa gesi.

Hiyo ya jioni inanuka umeme. Nini kinawaka hotelini kwenu saa 1?

UC ni adresi mbili zinazofanana, yaani mashine mbili zina namba moja ya kutambulika kwenye paneli. Bodi mpya uliipa namba ipi?

Na kabla hujashika bisibisi, zima umeme na upime. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa Dodoma, saa 11 jioni, nina haraka ya basi. Nikafunga laini ya umeme kwenye F1 F2. Nilipopandisha breka nilisikia mlio mdogo tu, kama mtu kavunja kijiti cha meno. Bodi 9. Nilikatwa mshahara miezi minne na nilistahili.

FundiWaZamu:
Shikamoo mzee. Saa 1 ndiyo wanaanza kufua mashuka! Mashine za kukaushia ziko chini, ghorofa ya 1 iko juu yake tu. Bodi ya 207 niliipa 2-07 ili ifanane na chumba...

MzeeWaPaa:
Marahaba. Kufananisha na chumba ni kosa la kila mtu. Adresi zinaanzia 1-00 hadi 1-15, kisha 2-00, mpaka 4-15, jumla 64. Hakuna 2-16, kwa hiyo mtindo wa namba za chumba utakukwamia tu ukifika 216. Washa paneli kwanza, kisha kwenye rimoti ya chumba shikilia kitufe cha ukaguzi sekunde 4, modi 00, uipe namba iliyo wazi. Andika kwenye daftari, si kwenye simu.

KebobKavu:
Haya mzee, nimekubali. Sisi tumezoea LG, waya tunaupitisha mashine hadi mashine, hakuna kutawanya.

MzeeWaPaa:
Na huko uko sahihi. Daikin wanaruhusu matawi, hadi 16, ila tawi halizai tawi.

FundiWaZamu:
Nimerudi, siku tatu baadaye.

Namba 4: nilifungua kifuniko, waya ulionekana umekaza. Nikaugusa kwa kidole ukatoka wenyewe. Ncha ilikuwa ya kijani kama mwani, shaba inavunjikavunjika. Chumvi ya bahari, na tundu la kebo halikuzibwa. Nilikata sentimita 10 mpaka nikakuta shaba nyekundu, nikafunga upya, nikaziba. Zote 12 zikaingia.

Jioni: waya wa mawasiliano ulikuwa kwenye trankingi (mfereji wa kebo) moja na kebo ya mashine za kufulia, umelaliana nayo ukuta mzima. Nimepitisha mwingine wa muda mita 25 upande wa pili wa korido. Jana saa 1 nilikaa mapokezi kama mgeni, nikitazama paneli. Haikupepesa.

207 sasa ni 3-11. Kumbe 2-07 ilikuwa ya ukumbi wa mikutano.

Kimebaki kimoja: dada wa mapokezi akizima 305 inazima 308. Kesho yeye atabonyeza, mimi nitapita mlango kwa mlango na daftari.