Naenda peke yangu Hispania kushindana kuunganisha pazo. Waliosafiri wenyewe, naomba mawazo

MwalimuLigula, Mtwara mjini

Habari zenu wadau. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Mtwara. Naomba ushauri wa watu waliosafiri mbali wakiwa wenyewe, hasa wanawake, kwa sababu nyumbani mjadala umekuwa mrefu na bado haujaisha.

Nimepata nafasi ya kushiriki mashindano ya dunia ya pazo yatakayofanyika mwezi wa tisa, mji wa Valladolid, Hispania. Naongelea zile picha zilizokatwa vipande vipande, unaviunganisha mpaka picha itimie. Wengi tunazijua za watoto, vipande ishirini au thelathini. Za mashindano, kwa mtu mmoja mmoja, ni vipande 500, na kwenye mchujo mnapewa dakika 90. Picha huijui mapema. Kila mtu anawekewa boksi lililofunikwa, inatolewa ishara, ukumbi mzima mnafungua pamoja, na wote mna picha ileile. Ambaye muda unamwishia hajamaliza anapangwa kwa vipande alivyofikisha.

Yalianza 2019, yakasimama 2020 na 2021 kwa sababu ya korona, yakarudi 2022. Bingwa wa kwanza wa mtu mmoja mmoja alikuwa Jana Hanzelková wa Jamhuri ya Cheki. 2022 na 2023 akachukua Alejandro Clemente León, Mhispania, na 2024 Kristin Thuv wa Norwei. Watu wa kiwango hicho wanamaliza vipande 500 chini ya saa moja. Mimi sijafika huko. Ninachotaka ni kumaliza ndani ya dakika 90, mbele ya watu, kwa mikono yangu.

Mtauliza nimejifunzia wapi. Mitumba. Belo la midoli likifunguliwa sokoni, muuzaji wangu ananiwekea maboksi pembeni. Mengine yamefungwa kwa raba, mengine ni mfuko tu wa vipande, hauna boksi wala picha ya kuangalizia. Karibu yote yana vipande pungufu. Mwanzoni nilikuwa nayaacha yasiyo na picha, siku hizi ndiyo nayachagua kwanza. Bila picha huwezi kusema "hiki ni paa la nyumba". Unabaki kuangalia rangi inavyokolea au kufifia, mistari inaelekea wapi, kipande kina masikio mangapi (yale yanayochomoza) na mashimo mangapi, shingo ya sikio ni nene au nyembamba. Na kwa sababu najua kuna vipande havipo, nimejifunza kutong'ang'ania pengo moja. Naliacha, nahamia upande mwingine, nitarudi. Nadhani hilo litanisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichonacho.

Nafanyia mazoezi usiku mezani, feni nimezima. Feni haipeperushi vipande kama watu wanavyodhani, ila inatikisa taa na vivuli vinacheza. Joto la Mtwara mnalijua, vidole vinatoa jasho na karatasi ngumu inavuta maji. Masika vipande vinavimba kidogo, vinakataa kuingia hata pale vinapostahili. Ubao wangu nimeukata sentimita 49 kwa 36, ukubwa wa pazo la vipande 500 la kampuni ya Ravensburger likikamilika, ili mikono izoee umbali.

Sasa shida. Tulikuwa twende wawili, mimi na mwalimu mwenzangu, tushindane pia upande wa watu wawili wawili. Mama yake ameugua, amebaki kumuuguza, na hakuna anayemlaumu. Nimebaki mwenyewe. Mama yangu analia. Mjomba yuko Tandahimba, na kwetu neno la mjomba lina uzito. Yeye hajakataa. Ameuliza swali moja tu: "Nani atakupokea?" Sina jibu, kwa sababu hakuna mtu ninayemjua kule.

Nauliza: anayeomba viza peke yake, mwanamke, hajaolewa, anatazamwa vibaya? Njiani unapitaje? Na ukishafika, ukikaa mezani katikati ya wageni watupu, kichwa kinatulia vipi?

---

MnewalaDar

Mdogo wangu, hongera sana. Mimi kwetu Newala, nafanya kazi Dar, na niliwahi kwenda Madrid peke yangu kwa mafunzo mafupi.

Viza kwanza. Ubalozi wa Hispania upo hapa Dar, na lazima ufike mwenyewe kwa ajili ya alama za vidole. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Kwa kawaida majibu ni ndani ya siku 15, lakini wanaweza kufika 45, kwa hiyo usisubiri Agosti. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu mbele baada ya tarehe ya kutoka kule, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Kuwa peke yako si kosa. Wanachotaka kuona ni kwamba una sababu ya kwenda na una sababu ya kurudi. Ya kwenda ni uthibitisho wa usajili wako wa mashindano. Ya kurudi ni barua ya mwajiri inayosema umepewa likizo kuanzia tarehe fulani, unarudi darasani tarehe fulani, pamoja na taarifa ya benki ya miezi ya nyuma. Hela isiingie yote wiki moja kabla ya kuomba.

Ukipangiwa miadi mwezi wa tano, usipande basi la kuamkia siku hiyo. Barabara yetu ya Kusini unaijua. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, Somanga ilikatika na watu wakalala njiani. Njoo siku mbili kabla. Kwangu kuna chumba, tutawasiliana kwa ujumbe wa faragha.

Njiani sasa. Dar hadi Madrid unabadilisha ndege, wengi wanapitia Addis Ababa, Doha au Istanbul. Ukitua Barajas, uwanja wa ndege wa Madrid, askari wa mpakani anaweza kukuuliza unakwenda wapi, utalala wapi, tiketi ya kurudi iko wapi. Karatasi zote zichapishe uwe nazo mkononi, usitegemee simu yenye chaji ndogo. Kutoka Terminal 4 kuna treni ya mjini inayokwenda moja kwa moja stesheni ya Chamartín. Pale Chamartín unapanda treni ya kasi hadi Valladolid, stesheni inaitwa Campo Grande. Ni kama saa moja tu, huna hata muda wa kusinzia.

Mashindano ya miaka ya karibuni yalifanyika Cúpula del Milenio, kuba jeupe kubwa kando ya mto Pisuerga. Hakikisha kwenye barua yako kama ni hapohapo, halafu tafuta chumba unachoweza kutembea kwa miguu. Na beba sweta. Mji uko juu, kama mita 700 kutoka usawa wa bahari, asubuhi za mwishoni mwa Septemba zitakushangaza wewe mtu wa pwani.

---

MzeeWaMikorosho

Binti, sina nia ya kukukatisha tamaa, nauliza kama mzazi. Tiketi, viza, chumba, bima. Hela hiyo kwetu ni shamba, ni salfa ya kupulizia mikorosho msimu mzima na vibarua wa palizi. Unaitumia kwa mchezo ambao ukishinda mchujo bado kuna nusu fainali na fainali mbele. Umeliangalia hilo?

---

MwalimuLigula

Shikamoo mzee. Nimeliangalia, na swali lako ni la haki.

Hela ni yangu, ya mshahara na ya kikoba chetu cha walimu, na hakuna mtu nyumbani atakayelala njaa kwa sababu yake. Ada za mdogo wangu nimeshatenga. Shamba la baba lipo, napeleka mchango wangu kila msimu na mwaka huu pia nitapeleka. Hiki kilichobaki nimekiweka kidogo kidogo kwa jambo hili na si jingine.

Na kwa nini jambo hili: darasani kwangu kuna mtoto alikuwa hazungumzi na mtu. Nilimpa pazo la samaki la vipande ishirini na nne. Akalimaliza, akalibomoa, akalirudia, siku ya tatu akamwonyesha mwenzake pa kuanzia. Kuanzia hapo nikaanza kuyatafuta kwa ajili ya darasa, halafu kwa ajili yangu. Ni kitu ninachokiweza, mzee wangu, na ninakipenda. Nataka kujua nakiweza kiasi gani nikikaa meza moja na wanaokiweza kuliko wote.

---

MzeeWaMikorosho

Marahaba. Nimekuelewa. Basi nenda ukiwa na afya, na anza kulala mapema kuanzia sasa.

---

BiSataranji, Lindi

Mwanangu, mimi nimesafiri peke yangu kwenda kucheza sataranji, Dar na Nairobi, enzi ambazo simu ilikuwa ya kupiga kibandani. Nikujibu pale panaponihusu.

Swali la mjomba wako ni zuri, usilichukulie kama kizuizi. Wazee wetu wakiuliza nani atakupokea, wanauliza safari yako ina vituo vingapi na kila kituo kina nani au kina nini. Kwa hiyo mjibu kituo kwa kituo. Dar unapokelewa na huyu ndugu wa Newala. Uwanja wa ndege anakusindikiza nani. Madrid unatua saa ngapi, na hakikisha ni mchana, hata kama tiketi ya usiku ni nafuu. Treni ya saa ngapi. Chumba kina anwani gani na namba gani ya simu. Kila ukifika kituo unamtumia nani ujumbe, na ujumbe usipofika hadi saa ngapi ndipo mtu aanze kuulizia. Andika kwa mkono, mpelekee Tandahimba mwenyewe, usimtume mtu. Kaa naye aisome mpaka mwisho.

Kuhusu ukumbi. Fika Valladolid usiku mbili kabla ya raundi yako. Siku ya katikati nenda ukauone ukumbi, mlango uko wapi, choo kiko wapi, taa zinatoka upande gani. Wewe unafanyia mazoezi kwenye taa moja. Kule mwanga utatoka juu kila pembe na karatasi inayong'aa itakurudishia machoni. Anza sasa kujizoeza mchana karibu na dirisha, ukikaa pande tofauti za meza.

Tofauti ya saa isikutishe. Septemba Hispania iko nyuma yetu kwa saa moja tu. Watakaotoka Marekani au Japani wana shida kubwa zaidi. Ila jua lao mwezi huo linachomoza kama saa mbili asubuhi, na chakula cha jioni migahawa mingi inaanza saa tatu usiku. Usiwangoje. Nunua mkate, mayai na matunda dukani, ule saa zako za kawaida. Usijaribu chakula kigeni usiku wa kuamkia raundi.

Na upweke. Nitakwambia nilichokiona mimi: wakati wa kucheza huwa haupo. Zile dakika 90 hata angekuwepo mwenzako asingekusemesha, kila mtu yuko na vipande vyake. Upweke unakuja baada, pale watu wanapokumbatiana na ndugu zao na wewe unakusanya begi. Panga mapema utampigia nani wakati huo. Mwambie akae karibu na simu, matokeo yawe mazuri au mabaya. Halafu rudi ukumbini uangalie raundi za wengine. Mtu akikuta unaangalia kwa makini atakusogelea, na mazungumzo ya watu wa mchezo mmoja hayahitaji lugha nyingi.

---

MwalimuLigula

Bi Sataranji, shikamoo na ahsante. Nilisoma maneno yako kwa mama kwa sauti. Nilipofika pale pa "utampigia nani" mama akasema, "Mimi." Hajalia tena tangu hapo, ila ameanza kuuliza bei za masweta.

Tandahimba nimekwenda Jumamosi. Niliandika kurasa mbili kama ulivyosema. Mjomba alivaa miwani, akasoma taratibu, akaweka alama kwa kalamu sehemu mbili. Ya kwanza, nimeandika ndege ya kurudi inatua Dar usiku wa manane, akataka jina la mtu atakayekuwa pale na si "nitapanda teksi". Ya pili, hajaona nimeandika nani atafundisha darasa langu. Zote mbili nimezishughulikia: MnewalaDar amekubali kuja uwanja wa ndege, na mwenzangu aliyebaki atashika watoto wangu siku ambazo mama yake ana nafuu, mwalimu mkuu atajazia. Mjomba ameniombea dua, akanipa na korosho za kubangua kilo mbili nipeleke. Nimezigawa, nusu zinabaki kwa mama.

Miadi ya ubalozi bado sijachukua, nasubiri barua ya likizo isainiwe wiki hii.

Swali la mwisho kwa yeyote wa Lindi au Mtwara: natafuta pazo la vipande 500 ambalo halijafunguliwa kabisa, hata la kuazima. Sijawahi kuunganisha moja nikiwa na uhakika kwamba vipande vyote vipo, na sitaki mara ya kwanza iwe kule.

---

BiSataranji, Lindi

Mjukuu wangu aliletewa moja, la mandhari ya milima na ziwa, nailoni yake haijatolewa. Nimemwomba, amekubali kwa sharti umwonyeshe unavyoanza. Panda basi la asubuhi Jumamosi, shuka stendi ya Lindi, tutakuja kukuchukua na bajaji. Saa ya kupimia muda tunayo.