Baba anaanza kuzidiwa: msaidizi wa nyumbani, kituo cha mchana au makao ya wazee?

Kitindamimba:
Wakuu, naomba mawazo yenu. Baba yetu ana miaka 81, anaishi peke yake tangu mama atangulie mbele ya haki. Zamani alikuwa anajitegemea kwa kila kitu. Sasa bili zinampita, dawa za presha leo anameza mara mbili, kesho hamezi kabisa, na kuoga mpaka abembelezwe. Ila chakula anakula vizuri, chooni anakwenda mwenyewe, na stori anapiga kama kawaida.

Tuko watatu na hatuelewani. Kaka anataka apelekwe makao ya wazee mapema, kabla hajaanguka. Dada anasema watu watatusema, bora akae kwake, wakati yeye na mumewe wanatoka alfajiri na kurudi usiku. Mimi nafikiria msaidizi wa nyumbani, sema sijui anatosha mpaka wapi. Mzee mwenyewe ukigusia habari hizi anaongeza sauti ya redio.

Nesi Mstaafu:
Pole, mwanangu. Mnagombania jina la huduma kabla ya kujua mzee kapungukiwa na nini.

Kazini tulikuwa tunaangalia mafungu mawili. La kwanza ni kuendesha maisha: pesa, dawa, kupika, kufua, kutumia simu, kusafiri. La pili ni mwili wenyewe: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kuzuia haja, kula. Hilo la pili lilipangwa na daktari Mmarekani, Sidney Katz, na wenzake mwaka 1963, na mpaka leo linatumika. Kwa kawaida fungu la kwanza ndilo huanza kuyumba. Ukija kwenye la pili, kuoga ndiko hutangulia kushindikana, kula huwa mwisho.

Sasa mpime baba yako. Fungu la kwanza limeyumba, la pili kimegusika kitu kimoja tu. Kwa hali hiyo makao bado. Anahitaji mtu wa kuja asubuhi, amsimamie kuoga, ahakikishe kameza dawa kutoka kwenye kile kiboksi chenye vyumba vya siku saba, afue, aondoke. Hesabu za pesa mmoja wenu azibebe.

Kabla ya yote, mpelekeni kwa daktari na dawa zake zote mfukoni, hata zile za kununua bila cheti. Haya mabadiliko yalikuja polepole au ghafla?

Kitindamimba:
Polepole, mama. Miezi kadhaa.

Nesi Mstaafu:
Sawa. Yangekuja ndani ya siku chache ningekwambia mkimbize hospitali, maana maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji au dawa mpya vinaweza kumchanganya mzee kabisa, na vikitibiwa mara nyingi anarudi. Hata hivyo, daktari aangalie damu, tezi ya shingo, vitamini B12, usikivu, na kama ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Mjane anayeacha kuoga si lazima awe anasahau.

Mama Pacha:
Mbona hakuna aliyeuliza kuhusu usiku? Mama yangu mchana alikuwa salama na msaidizi wake. Saa nane za usiku anavaa viatu, anashika mkoba, anasema anakwenda kwao. Tulianza na kituo cha mchana: anapelekwa asubuhi, anachezeshwa viungo, anaongea na wenzake, jioni anarudi kachoka na analala. Kilitusaidia sana, mpaka hali ilipozidi.

Na hayo makao msiyaweke kapu moja. Yapo ya usaidizi tu: mzee ana chumba chake, anapikiwa, anasaidiwa kuoga, lakini muuguzi huenda hayupo muda wote. Yapo yenye wauguzi usiku na mchana. Yapo pia yenye sehemu maalumu ya waliopoteza kumbukumbu, ambako milango inalindwa. Sisi tulimpeleka mama kwenye aina ya kwanza. Alipofika hatua ya kunyanyuliwa na watu wawili tukaambiwa tumhamishe, na kumhamisha mtu wa namna ile ni mateso, kila siku anauliza yuko wapi. Kwa hiyo siku ya kutembelea mahali, msishangae bustani. Ulizeni: akishindwa kusimama, mtaendelea naye?

Fundi Saa:
Namtetea dada. Kwake kunawezekana kabisa, mchana kituoni, jioni nyumbani. Sharti ni dada apumzike. Vituo vingine vinapokea mzee kwa wiki moja au mbili ili anayemtunza apate nafasi. Tumieni hiyo mapema, siyo mpaka dada alazwe yeye.

Kitindamimba:
Asanteni mno. Mama Nesi, dalili gani zitaniambia msaidizi wa asubuhi hatoshi tena?

Nesi Mstaafu:
Akianza kuanguka mara kwa mara, maana karibu theluthi ya watu wenye miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, na nyonga ikivunjika mambo yanabadilika siku hiyohiyo. Akitoka nje usiku. Akilowa na hajui. Akihitaji watu wawili kumnyanyua. Na mtunzaji akianza kumfokea, hiyo nayo ni dalili, msiione ni tabia mbaya tu.

Ila si kila kupanda ngazi ya huduma ni kwa kudumu. Mzee aliyevunjika nyonga anaweza kukaa kituo cha mazoezi ya viungo kwa wiki kadhaa kisha akarudi kwake na msaidizi yuleyule. Na mkisikia tiba shufaa, msidhani ni kuagana. Inatuliza maumivu na kuhangaika kwa mwenye ugonjwa mzito, inaweza kumfuata nyumbani, na huenda sambamba na matibabu mengine.

Kitindamimba:
Nimemtumia kaka haya yote, kanyamaza, kwake hiyo ni dalili njema. Swali la mwisho: wa kumwogesha awe mwanaume?

Nesi Mstaafu:
Muulize baba, redio ikiwa imezimwa. Na siku za mwanzo huyo mtu aje kufua na kusafisha tu. Wakishazoeana ndipo mtaje bafu.

Mama Pacha:
Na wekeni kiti bafuni na vyuma vya kushikia ukutani kabla hajaanza kazi. Wazee wengi wanaosema hawataki kuoga wanaogopa kuteleza.