Manowari ya Mogadishu 1992 ndiyo ile iliyolipukiwa Ghuba?

Mdadisi_Tanga:
Wakuu, kijiweni kuna ubishi. Jamaa mmoja anasema kati ya meli za Kimarekani zilizoshusha askari Mogadishu Desemba 1992 ilikuwamo USS Tripoli. Mwingine anasema haiwezekani, Tripoli ilishazamishwa na bomu la Wairaki 1991. Nani kapatia? Halafu hii ilikuwa meli ya ndege au ya askari?

Fundi_Injini_Mstaafu:
Wa kwanza kapatia. Wa pili kapatia nusu: bomu ililikanyaga kweli, kuzama haikuzama.

Miaka hiyo nilikuwa injini kwenye meli za mizigo, na Hormuz, ule mlango mwembamba wa kuingilia Ghuba, tulikuwa tunaipita roho mkononi, kwa hiyo habari za Tripoli nilizifuatilia kwa karibu.

Ilikuwa ya vyote viwili: helikopta na askari. Urefu wake mita 183 hivi, sitaha bapa toka omo hadi tezi, nafasi ya marini (askari wa Kimarekani wa kushambulia kutoka baharini) karibu 2,000. Haina mlango nyuma wa kutolea boti, askari wanapaa na helikopta. Na chini rafadha moja tu ya kuisukuma! Manowari nzima! Watu wa injini tukisikia hivyo tunatazamana. Iliundwa Pascagoula, Mississippi, ikaanza kazi Agosti 1966, muda si mrefu ikawa Vietnam.

Sasa hilo bomu. Alfajiri ya tarehe 18 Februari 1991, kaskazini mwa Ghuba. Tripoli ilikuwa pale kuongoza kazi ya kuondoa mabomu ya baharini, imebeba helikopta zinazoburuta vifaa vya kufagia maji. Mfagiaji ndiye aliyekanyaga. Ubavu wa kulia kuelekea omo ukapasuka chini ya maji, tundu la mita 5 kwa 6 hivi. Pikapu inapita humo bila kukwaruza.

Asiyewahi kufanya kazi chini ya sitaha hudhani adui ni maji. Maji unayaona, unafunga milango, unagongea magogo na kabari, pampu zinafanya kazi. Tripoli ilipasukiwa na ghala la rangi, mvuke ukatanda vyumbani. Ule huuoni, na unangoja cheche moja tu ya swichi. Mabaharia waliingia humo humo wakadhibiti mafuriko, na hakufa hata mmoja. Saa chache baadaye, si mbali na pale, manowari nyingine ya Kimarekani, USS Princeton, nayo ikalipukiwa na bomu la baharini. Tripoli ikaendelea na kazi siku kadhaa na tundu lake, ndipo ikaenda chelezoni Bahrain.

Mogadishu ni tarehe 9 Desemba 1992. Askari wa mwanzo wanafika ufukweni gizani, wanakuta waandishi na taa za kamera zinawamulika usoni. Dunia inaikumbuka operesheni ile kwa picha hizo. Kwangu mimi, kazi ya kiume ya meli hii ilikuwa Ghuba.

Kisauni_Boy:
Mzee umetisha. Mwaka huo huo, kabla ya marini kushuka, ndege za mizigo za C-130 za Marekani zilikuwa zinapeleka chakula Somalia kutoka hapa Mombasa. Hiyo Tripoli bado ipo?

Fundi_Injini_Mstaafu:
Haipo, kijana wangu. Ilistaafishwa Septemba 1995, kisha jeshi la nchi kavu likaichukua kuwa jukwaa la kurushia makombora ya shabaha, wale wa kujaribu mitambo ya kudungua makombora wapate cha kulenga. Mwisho ikakatwa chuma chakavu.

Mdadisi_Tanga:
Shukrani mzee. Mbona nimeona picha ya Tripoli mpya kabisa, imejaa ndege za F-35?

Fundi_Injini_Mstaafu:
Hiyo imerithi jina tu, iliingia kazini 2020. Imeundwa Pascagoula vilevile, na hiyo pia haina mlango wa boti nyuma. Ila rafadha wameweka mbili.