Kufuta kashe ya kurasa kwenye Linux: fanksheni tatu au moja?

Fundi_Ntinda: Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu hapa Kampala tunasoma kerneli, yaani kiini cha Linux, na tumekwama kwenye mm/truncate.c, faili la msimbo wa kuondoa kurasa kwenye kashe (nakala za vipande vya mafaili zinazokaa kwenye kumbukumbu). Kuna truncate_inode_pages_range, invalidate_mapping_pages na invalidate_inode_pages2_range, kila moja na kitanzi chake cha kupitia kurasa. Ukitaka kurahisisha, utaziunganisha ziwe moja yenye flegi (swichi za kuchagua tabia), au utaziacha tatu zishirikiane kitanzi tu?

Kijana_Jinja: Moja yenye flegi. Ukirekebisha hitilafu umerekebisha kote.

Dada_Mbarara: Taratibu, ssebo. Sura zinafanana, tabia hapana. Truncate inaitwa faili likifupishwa au kufutwa: ukurasa unatupwa hata ukiwa mchafu, yaani una mabadiliko ambayo bado hayajaandikwa diskini. invalidate_mapping_pages ni ya upole. Ikikuta ukurasa mchafu, wenye kufuli (sehemu nyingine ya kerneli inaushughulikia), unaoandikwa diskini au uliomo kwenye ramani ya kumbukumbu ya mchakato (programu inayoendeshwa), inaupita. Ndiyo inayoitwa ukiandika 1 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches ili kusafisha kashe, ndiyo maana watu hutanguliza sync, amri ya kuandika kurasa chafu diskini. Ile yenye 2 kwenye jina hailegezi: inasubiri kufuli, inaung'oa ukurasa kwenye ramani, ikishindwa inarudisha -EBUSY, kosa la kusema ukurasa bado unatumika. Sasa changanya flegi hizo. "Tupa uchafu lakini usisubiri" nani anaihitaji, na nani ataipima?

Kijana_Jinja: Sawa nnyabo, lakini marudio yabaki hivyohivyo?

Mzee_wa_Diski: Yamekwisha kupunguzwa, kwa njia ya pili ya Fundi, kushirikiana kitanzi. Fungua fanksheni find_lock_entries ya Matthew Wilcox, mwandishi wa kerneli, iliingia toleo 5.12 mwaka 2021. Inatafuta kurasa na kuzifunga kwa mkupuo. Truncate inaitumia, shmem (kumbukumbu ya pamoja) inaitumia, hata ile ya upole. Ya 2 imeachwa nje kwa sababu: find_lock_entries hujaribu kufuli tu, likiwa limeshikwa hupita, na ukurasa unaoandikwa diskini huuacha. Truncate inavumilia hilo kwa kuwa inazunguka tena, na mzunguko wa pili husubiri.

Ila kwangu mimi urahisishaji mkubwa haukuwa kwenye vitanzi. Ni kufuli la invalidate_lock la Jan Kara, naye mwandishi wa kerneli, toleo 5.15. Kabla yake mfumo wa mafaili wa ext4 ulikuwa na kufuli lake, wa XFS lake, yote ya kuzuia ukurasa usiingizwe kashe wakati faili linatobolewa shimo (kipande cha katikati kinaondolewa). Likawa moja, ndani ya address_space, muundo wa kerneli unaoshika kurasa za faili. Mtu anahesabu mistari ya vitanzi, kumbe kilichokuwa kinaumiza kichwa ni kufuli.

Fundi_Ntinda: Na folio je, zile zinazoshika kundi la kurasa kama kitu kimoja?

Mzee_wa_Diski: Zimesaidia, tangu 5.16. Huulizi tena kama ukurasa ulioshika ni kichwa au mkia wa kundi.

Dada_Mbarara: Mkigusa ya 2, endesheni xfstests (majaribio ya mifumo ya mafaili), kisha someni dmesg, kumbukumbu za ujumbe wa kerneli. Uandishi wa moja kwa moja diskini, bila kupitia kashe, unaitegemea. Kurasa zikigoma kutoka baada ya kuandika, kerneli inaonya kwamba huenda data imeharibika.

Fundi_Ntinda: Basi tatu zinabaki. Tutaanza na maoni (komenti) yanayoandikwa ndani ya msimbo juu ya kila fanksheni, yaseme wazi inasubiri nini na inapita nini.

Kijana_Jinja: Nitumieni pachi (faili la mabadiliko ya msimbo) niikague. Flegi sizitaji tena 😅